Siku Ishirini na Moja Bila Mkate

Watu wengi huenda zahanati kwa sababu wanaumwa. Bwana Vyeti alikuwa akienda kwa sababu wengine wanaumwa. Alikuwa na kiti chake kwenye korido, cha tatu kutoka mlango wa chumba cha kupimia sukari, na kila Jumanne na Alhamisi alikaa hapo na koti lake jeupe lililofuliwa vizuri, akishika faili ambalo ndani hamkuwa na kitu. Mgonjwa anayetoka kwa daktari, aliamini Vyeti, ni mtu mwenye shida mpya ambayo bado hajaizoea. Huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Jina hilo alipewa na watu wa mjini, na alilistahili. Alikuwa na cheti cha ufundi wa meno, cha ufugaji wa nyuki, cha ushauri wa ndoa, na kimoja chenye muhuri mwekundu ambacho hata yeye hakukumbuka kilihusu nini. Kitu ambacho hakuwa nacho ni mlango. Kila chumba alichowahi kupanga alikihama kwa kupitia dirishani, na sasa, akiwa na miaka arobaini na sita, magoti yalikuwa yameanza kuyalalamikia madirisha. Alitaka jambo moja tu kabla ya uzee: chumba chenye kibao nje na ufunguo wake mfukoni, akae ndani ametulia, watu wamfuate yeye badala ya yeye kuwafuata wao. Tusimcheke. Wapo waheshimiwa wengi walioanza na ndoto ndogo kuliko hiyo.

Alhamisi moja mlango wa chumba cha kupimia ulifunguka, akatoka Bwana Gunia na muuguzi nyuma yake.

Bwana Gunia alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Ghala lake lilijaza nusu ya barabara ya sokoni, na jina hilo alianza kuitwa kwa sababu ya biashara, likabaki kwa sababu ya tumbo.

"Mkate usile," muuguzi alikuwa akimwambia kwa mara ya tatu. "Wali punguza mpaka uishe. Viazi, tambi, uji, soda, vyote hapana. Ukirudi baada ya wiki tatu sukari iko hapo hapo, tunaanza sindano. Kila siku."

Gunia alisikia neno sindano, akashika ukuta.

"Kwa hiyo nile nini?"

"Kula nyama, samaki..."

"Nyama sili. Wala kuku, wala samaki. Baba yangu alikuwa na bucha, nimekulia chini ya meza ya bucha. Vitu nilivyoviona kule, mwanangu, acha tu. Sasa nyama sili, na wanga mnaninyang'anya. Nitafune pazia?"

Muuguzi alichomoa kijikaratasi kwenye mfuko wa sare. "Yote yameandikwa humu, mzee. Ya watu wasiokula nyama yako nyuma. Chukua, ni bure."

Hapo ndipo alipokosea. Bwana Gunia hakupata mali yake kwa kuamini vitu vya bure. Alikikunja kile kijikaratasi mara mbili, akakiacha kwenye benchi, akaenda kuegemea dirisha na kuyafikiria maisha yake. Vyeti alikikalia kabla hakijapoa. Alikisoma mbele na nyuma kwa dakika nne, akakitia ndani ya faili, ambalo sasa lilikuwa na kitu kwa mara ya kwanza, akasimama.

"Samahani, mzee. Nimesikia bila kusikiliza."

"Wewe nani?"

"Mshauri wa lishe. Nashughulika na kundi moja tu la watu: wasiokula nyama na wasiotakiwa kula wanga. Ni kundi dogo. Ndiyo maana hujawahi kunisikia."

"Wanakula nini hao?"

Vyeti alitazama huku na huku kama mtu anayetoa siri ya serikali. "Umewahi kula wali wa koliflawa?"

"Wali wa nini?"

"Koliflawa, ile mboga nyeupe ya jamii ya kabichi, unaikwaruza mpaka inakuwa punje punje. Unaikaanga na kitunguu na binzari kidogo. Jicho linaona wali. Ulimi unaona wali. Sukari inapita kuulizia, 'Wali yuko hapa?' Inaambiwa, 'Hayupo.' Inaondoka zake."

Gunia aliachia dirisha. "Endelea."

"Mayai, uyoga, jibini, parachichi. Bilinganya iliyokatwa nyembamba inasimama mahali pa tambi. Majani ya kila aina. Karanga na korosho, lakini kwa kiganja, si kwa bakuli. Maharage nayo uyaangalie, yale ni rafiki mwenye siri, yana wanga ndani. Mengine ni mpangilio, na mpangilio ndio kazi yangu."

"Bei gani?"

Vyeti aliinamisha kichwa, akaona haya kwa niaba ya fedha zote duniani. "Sichukui fedha ya mgonjwa. Ila nasikia una chumba cha pembeni pale ghalani, chenye dirisha la barabarani. Kimefungwa tu. Ningepata mahali pa kuhudumia wagonjwa wangu..."

Gunia alimtazama kwa muda, kwa jicho lile lile alilozoea kutazamia mzigo unaposhushwa.

"Sikiliza, daktari. Mimi sinunui mzigo bila sampuli. Nachoma gunia, natoa nafaka kiganjani, naitafuna. Sampuli yako iko wapi?"

"Vyeti vyangu vinaonyesha..."

"Karatasi haitafunwi. Sampuli utakuwa wewe. Njoo ukae kwangu siku ishirini na moja. Nitakachokula utakula, na usichoniruhusu hutagusa. Kila Jumamosi tunapanda mizani ya ghalani, wewe na mimi. Sukari yangu ikishuka na wewe ukapungua, chumba chako, na ufunguo nitakukabidhi mbele ya watu. Ukinenepa, sampuli mbovu. Mzigo unarudi ulikotoka."

Ni vizuri msomaji ajue kwamba asubuhi ile Vyeti alikuwa amekunywa chai na nusu mkate, na kwamba chakula cha mchana kwake kilikuwa nusu iliyobaki.

"Hiyo," alisema, "ndiyo njia pekee ya kisayansi."

Jumamosi iliyofuata alihamia. Wapagazi wa ghalani waliacha kazi kuja kumwona mtu ambaye tajiri wao amemleta apimwe kama mahindi. Alipanda mizani akiwa na koti lake, na mshale ukasimama kwenye themanini na nne.

Mwili wake ulikuwa na kilo sabini na nane. Sita zilizobaki zilikuwa nati na vipande vya chuma vilivyofungwa kwa vitambaa visilie, vikashonewa ndani ya bitana ya koti. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kila wiki atapunguza chuma kidogo, na kwa kadiri chuma kinavyopungua, yeye ataonekana anapungua. Alishuka kwenye mizani amejipenda kweli kweli. Gunia naye alipanda, akaandikwa mia moja na kumi na mbili.

Nyumba ilikuwa nyuma ya ghala, na jiko lilikuwa chini ya dada yake Gunia, mjane ambaye wapagazi wote walimwita Shangazi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Vyeti alimsomea kile kijikaratasi kipande kipande, kila siku kipande kimoja, huku amefumba macho ili ionekane kinatoka kichwani. Shangazi alisikiliza mara moja tu, akaingia jikoni. Kilichotoka kilikuwa cha ajabu. Uyoga aliukaanga na vitunguu saumu mpaka ukatoa harufu ya nyama, na Gunia akausogeza pembeni kwa hofu kabla ya kuhakikishiwa kwamba haujawahi kuwa na miguu. Bilinganya alizipanga na jibini na nyanya, akaziingiza ovenini. Wali wa koliflawa Gunia aliongeza mara mbili.

"Dada, hiki chakula ulikuwa unakificha wapi miaka yote?"

"Miaka yote ulikuwa unataka viazi, kaka."

Gunia alikula akashiba, akaamka asubuhi hana kiu. Siku ya nne alipanda ngazi za ghala bila kupumzika katikati. Aliwaita wapagazi washuhudie, akapanda tena.

Vyeti alikuwa anakufa. Hilo nalisema bila kutia chumvi. Mtu aliyelelewa na mkate haachani nao kwa sababu ya kijikaratasi. Alikula mayai akayachukia, alikula majani akajiona anaota pembe, na siku ya tatu alijikuta ameshika sifongo ya kuoshea vyombo, anaibonyeza polepole, akiwaza.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, saa tisa, upepo uligeuka.

Nyuma ya ghala kulikuwa na tanuri la matofali. Tajiri alikatazwa mkate, wapagazi hawakukatazwa, na Shangazi aliwaokea kila siku wakitoka kushusha mizigo. Vyeti aliifuata ile harufu kwa pua kama aliyefungwa kamba. Alimkuta Shangazi anavuta trei.

"Daktari, umepotea?"

"Ninakagua."

"Unakagua nini?"

"Adui," alisema Vyeti, na sauti yake ilikuwa na uzito wote wa vyeti vyake. "Siwezi kumkataza mgonjwa kitu ambacho sijakijua kwa undani. Naomba kipande. Cha uchunguzi."

Shangazi alimtazama, akautazama mkate, akakata kipande kinene cha pembeni, penye ukoko.

"Chunguza."

Vyeti alichunguza akiwa amefumba macho, na safari hii hakuwa anajifanya.

"Vipi?"

"Hatari sana. Nipe kingine."

Alipewa kingine. Shangazi aliketi kwenye ndoo aliyoigeuza, mikono magotini. "Sasa na mimi niambie ukweli. Hawa wapagazi hawanisaidii. Mtu aliyeshusha magunia mia atasifu hata tofali. Chumvi ikoje?"

"Imepungua. Kidogo tu."

"Na ndani?"

"Ndani umeshikana. Uache uumuke zaidi kabla ya kuingia motoni."

"Kesho saa tisa," alisema Shangazi, "njoo umkague tena adui."

Vyeti aliondoka anajipongeza. Amekula bure, na mwanamke amemeza kila neno. Mwenye njaa hana miiko, lakini Vyeti aliona hata njaa yake ni ujanja. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, na kila siku. Alisema hamira ipungue, ikapungua, mkate ukawa mtamu zaidi. Alisema maji ya kukandia yachanganywe na maziwa. Alisema ufuta juu, na unyunyizwe kabla si baada. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi yoyote kwa uaminifu kiasi hicho. Angalau mara mbili alimwambia Shangazi ukweli uliomuudhi, kwa sababu mkate ule alishaupenda kiasi cha kutoweza kuudanganya.

Jumamosi ya kwanza Vyeti alitoa kilo nne za chuma kwenye koti. Mshale ulisema themanini na mbili, wapagazi wakapiga makofi. Gunia mwenyewe alikuwa ameshuka kilo tano. Jumamosi ya pili koti lilikuwa tupu kabisa; Vyeti alivua viatu, mkanda, na saa, akatoa pumzi yote iliyokuwamo mwilini, akapata themanini na moja na robo. Makofi yalikuwa machache. Gunia alimpa mkono, akamtazama usoni kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Hapo akili ingetosha kumwambia Vyeti aache. Ilimwambia. Kila siku saa nane na nusu alijiapiza mbele ya kioo, akakumbuka kibao, dirisha la barabarani, ufunguo. Saa tisa kamili alikuwa kwenye ndoo ya pili, ambayo Shangazi alishamwekea na kuitandikia kitambaa.

Siku ya ishirini na moja Gunia alikwenda zahanati asubuhi. Alirudi akikimbia. Mtu ambaye wiki tatu nyuma alikuwa akipumzika katikati ya ngazi aliingia ghalani mbio, akamkumbatia Vyeti katikati ya magunia, akalia. Alilia wazi, mbele ya wapagazi, na hakuona aibu.

"Imeshuka! Muuguzi amepima mara mbili. Hakuna sindano, daktari. Hakuna!"

Vyeti alikumbatiwa akiwa amesimama wima kama mti. Alikuwa amezoea kuuza maneno matupu. Hili lilikuwa neno la kwanza kumtoka likafanya kazi, na alipata furaha ya kweli, furaha iliyomtia wasiwasi. Machozi kidogo yalimjia. Aliyafuta haraka, akauliza kuhusu chumba.

"Twende mizani," alisema Gunia.

Gunia alipanda kwanza: mia moja kamili. Ghala zima lilishangilia. Kisha Vyeti akavua viatu, mkanda, saa, na koti, akatoa senti za mfukoni, akapanda kwa kunyata, kana kwamba mizani ingekuwa imelala. Mshale uliamka. Ukapita themanini, ukapita themanini na nne, ukasimama kwenye themanini na tano.

"Mizani hii," alisema Vyeti, "ina hitilafu."

Unaweza kumwambia mfanyabiashara wa nafaka kwamba mkewe ana hitilafu, akakusikiliza; mizani yake usiiguse. Gunia alinyanyua jiwe la kupimia la kilo hamsini, akaliweka juu ya mizani. Mshale ulisema hamsini, bila kuongeza hata unywele.

"Mzee wangu," Vyeti alibadilisha sauti, "umepona! Kwa maneno yangu!"

"Nimepona, na ahsante. Nitakushukuru mpaka nizikwe. Lakini ahsante ni ahsante, na mapatano ni mapatano. Mzigo ni mzuri, sampuli mbovu."

"Kilo moja tu! Nilianza na themanini na nne, sasa themanini na tano. Kilo moja ni maji!"

"Ulianza na sabini na nane."

Vyeti alilitazama koti lake alilolivua.

"Miaka thelathini watu wananiletea mawe ndani ya magunia," alisema Gunia bila hasira. "Gunia lenye mawe halikai kama gunia lenye mahindi. Siku ile ya kwanza koti lako liliingia mlangoni, wewe ukafuata."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unanidanganya kwenye uzito. Kwenye mboga hukunidanganya, nilionja mwenyewe. Nikaona nisikukatize."

Mjanja aliyebanwa hutafuta wa kubanwa naye. Vyeti aliuelekeza mkono wake nyuma ya ghala. "Basi muulize dada yako! Yeye ndiye aliyenipa mkate! Kila siku saa tisa! Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wako vizuri, yeye akanivunjia!"

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, unga mpaka viwikoni. Gunia akamgeukia.

"Kweli, dada?"

"Kweli, kaka."

"Siku ngapi?"

"Kumi na nane. Jumapili alikuwa anakuja mara mbili."

Gunia alikaa juu ya gunia la ngano, akawaza. Kwa miaka minne dada yake alikuwa akimwomba chumba kile kile cha pembeni afungue duka la mkate, na kwa miaka minne alimjibu kwamba mkate unaoliwa na wapagazi hauthibitishi kitu.

"Huyu mtu," alisema polepole, "alikuwa na chumba cha kupata. Alikubali masharti mbele yangu. Alijua anapimwa. Alibeba kilo sita za chuma wiki nzima kwa ajili ya chumba hicho. Na bado akaula mkate wako siku kumi na nane?"

"Bila kukosa hata moja."

"Ulimshawishi?"

"Sikumwita hata siku moja. Kizuri chajiuza, kaka, kibaya chajitembeza." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Ulisema hununui bila sampuli. Nikakutafutia. Nimempata mtu mwongo kwa kila kitu isipokuwa tumbo lake."

Wapagazi walimtazama Vyeti kwa heshima mpya, ile anayopewa ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Gunia aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akamkabidhi dada yake mbele ya watu wote, kama alivyoahidi kwamba utakabidhiwa.

"Ila dirisha lifunguke upande wa barabarani tu," alisema. "Harufu isinifikie. Mimi nina koliflawa yangu."

Vyeti alikwenda kufunga begi. Hakuwa na vitu vingi, lakini alivikunja taratibu, kwa sababu alikuwa na huzuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaondoka kwenye nyumba bila mtu kumfukuza. Alipita mlangoni. Alipozunguka pembeni ya ghala alilikuta dirisha la barabarani limeshafunguliwa, vumbi limefutwa, na Shangazi amesimama ndani, trei mbele yake, ufuta juu, ulionyunyizwa kabla si baada.

Alisimama. Alijaribu kuendelea na safari, miguu ikakataa.

"Shangazi," alisema kwa unyenyekevu, "nikatie kipande cha njiani."

"Vile vilikuwa sampuli," alisema Shangazi. "Huu unauzwa."

Akataja bei. Ilikuwa bei kubwa. Vyeti alivuta pumzi ya kuanza kubishana, na pumzi ile ikaingia na harufu ya mkate wote, mdomo ukamjaa mate mahali pa maneno. Akalipa bei aliyotajiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya popote. Akala palepale amesimama, macho amefumba, na wapita njia wawili walioona jinsi anavyokula wakaja wakajipanga nyuma yake.